Namba Kumi na Saba

Alhamisi natangulia mimi kufungua.
Nawasha jiko la gesi, napangusa theluji dirishani
kwa mkono wa sweta, natundika vikaratasi vya namba mlangoni.
Wakili Oyarzo huja baadaye, nywele zimevurugwa
na upepo wa Punta Arenas, usiomjua mkubwa wala mdogo.
Msaada ni bure. Chai ni bure. Kungoja nako ni bure,
na kungoja ndiko kwingi.

Mimi si wakili, ni karani.
Kazi yangu kuuliza: saa ngapi? wapi? nani aliona?
na kuyatia majibu ndani ya visanduku.

Kisanduku cha hasara kina mistari minne.
Clodomiro Barría, wa kiwanda cha samaki,
aliweka mkono mezani: vidole viwili.
Vitatu vilibaki kwenye mashine ya barafu.
Nikamwuliza hasara.
Akasema, "Nilikuwa napiga akodioni."
Nikaandika: akodioni.
Wakili akaifuta, akaweka asilimia,
kisha jioni, ofisi tupu, nikamwona
anairudisha pembeni kwa penseli.

Bi Uberlinda alileta viatu kwenye mfuko wa plastiki.
Mumewe alikumbwa na lori, barabara imeganda,
na watu wa bima wakasema marehemu hakutazama.
"Ona kamba hizi," akasema. "Fundo juu ya fundo.
Mtu afungaye kamba hivi
hutazama pande zote mbili."
Hoja hiyo haimo katika kifungu chochote.
Wakili aliisema hivyo hivyo mbele ya jaji.
Bima walilipa. Sijui kama ni kwa sababu ya kamba.

Yule kijana wa ghalani hakupata kitu.
Mkataba wake ulikuwa wa mdomo, na mdomo wa bosi ulisahau.
Bado hupita, husalimu, huuliza kama kuna chai.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Nimelima miaka kumi na moja kwenye dawati hili
ugomvi wa watu: uzio, kondoo, talaka, mita ya maji,
jembe mkononi, na shamba la nyumbani kwetu
likiota magugu kimya kimya.

"Kumi na saba!" niliita bila kuinua macho.
Likaja koti la buluu. Nililijua koti kabla ya uso,
nililinunua mimi, mama akiwa hai.
Eduvigis. Dada yangu.
Miaka mitatu hatujasemezana
kwa ajili ya nyumba ile ya mabati mekundu.

Akaweka karatasi mezani. Mdaiwa: Nolberto Cárcamo.
Jina langu, kwa mwandiko uleule
ulioshika mkono wangu nikiwa na miaka mitano
ukanifundisha kuliandika,
ile *N* yenye mguu mrefu.

Kesi ya ngedere, nyani asishike kalamu.
Nikaiweka chini. Nikasema, "Wakili atakuhudumia,"
sauti ya karani kabisa,
naye akajibu, "Ahsante, bwana,"
sauti ya mteja kabisa.
Nikavaa kofia, nikatoka.

Nje, upepo ulinisukuma hadi dirishani.
Kioo kimeshika ukungu, sauti haipiti.
Wakili amekaa kwenye kiti changu,
anauliza maswali yangu: saa ngapi, wapi, nani aliona.
Nikajua amefika penye mistari minne
maana dada alinyamaza,
akainua mikono yote miwili,
akaonyesha ukubwa wa kitu hewani.

Kidogo. Kama mkate. Kama kisanduku cha nyuzi.

Nyumba haina upana ule.

Nikabaki pale, theluji ikinijaa mabegani,
napekua kabati zangu moja moja kichwani,
nikitafuta nilichukua nini.